Waya wa rangi ya chungwa

Ukiichomoa redio ya gari na kuigeuza mgongo, utaona mkia wa nyaya za rangi nyingi. Wa njano unaleta umeme wa betri saa zote. Mwekundu unaamka pale unapozungusha ufunguo. Mweusi unarudi kwenye bodi ya gari. Mweupe, wa kijivu, wa kijani na wa zambarau, kila mmoja na mwenzake mwenye mstari mweusi, hizo ni spika nne. Wa buluu ni wa antena na amplifaya. Halafu kuna mmoja wa rangi ya chungwa, mara nyingi una mstari mweupe, ambao katika magari mengi niliyoyafungua hapa Uganda nimeukuta umekunjwa, umezungushiwa tepu nyeusi na kusukumwa ndani kama mtoto aliyeambiwa akae chumbani wageni wamekuja.

Waya huo hauchezi muziki wala hauzungushi chochote. Kazi yake ni kuiambia redio kwamba dereva amewasha taa, basi ipunguze mwanga wa skrini. Ukizima taa, mwanga unarudi. Hiyo tu.

Nimelishikia bango jambo hili kwa sababu ya barabara. Nyumbani ni Bombo, lakini upande wa mama wako Arua, mbali kaskazini-magharibi, na kwa mfanyabiashara anayebeba mzigo wake mwenyewe, safari ya Arua lazima usiku uingie humo, upende usipende. Unaondoka asubuhi ukijidanganya kwamba utawahi. Mzigo unachelewa kupakiwa, mteja wa Luweero anakuomba umsubiri, Migyera unasimama kula nyama, na ukija kuvuka mto Kafu jua limeshazama. Kuanzia hapo ni giza la kweli, na humo gizani kuna watu. Kuna mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa bila hata kiakisi. Kuna lori lililokatika ekseli, dereva wake ametandaza matawi ya miti kwenye lami badala ya pembetatu. Kuna bodaboda yenye taa ya mbele tu, na nyingine yenye ya nyuma tu. Ukishavuka daraja la Karuma, nyani waliokuwa wakiomba ndizi mchana wamekwenda kulala, lakini barabara ya kwenda Pakwach inaambaa na mbuga ya Murchison Falls, na huko mnyama akivuka haulizi ni saa ngapi.

Sasa weka katika giza hilo skrini ya inchi tisa, mwanga umewekwa juu kabisa, iko karibu na uso wako kuliko kioo cha mbele, inaonyesha picha ya msanii ambaye hata humsikilizi, abiria ndiye aliyemchagua.

Jicho likipigwa na mwanga, mboni inajibana papo hapo. Kufunguka tena inajivuta. Na mboni ni sehemu ndogo tu ya habari. Nyuma ya jicho kuna chembe zinazotuwezesha kuona penye mwanga hafifu, zina kemikali inayoitwa rodopsini. Mwanga mkali unaivunja, na mwili unaijenga upya kidogo kidogo, hata macho kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Lori linalokupiga taa za fuli linakuudhi, unalitukana, linapita. Skrini haipiti. Mnakwenda nayo hadi Nebbi. Tena inajirudia kwenye kioo cha mlango wa kulia, mahali pale pale unapotazama kioo cha pembeni, kwa hiyo kila ukitaka kumwangalia anayetaka kukupita unaona kwanza jalada la albamu linaelea juu ya vichaka.

Watu huniambia, si upunguze kwa kidole? Unaweza. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta kurasa, unavuta kale kamstari, na muda wote huo gari linakwenda na wewe hutazami mbele. Kesho yake saa sita mchana, jua limekaa juu ya dashibodi, huoni kitu, unapandisha tena. Baada ya hapo hupunguzi tena. Naijua tabia hiyo kwa sababu ndivyo magari ya ndugu zangu wote yalivyo: mwanga uko juu kabisa tangu siku ile redio ilipofungwa.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na kitu hiki. Redio yake ya asili ilikuwa inafifia yenyewe kila ukiwasha taa. Sisi ndio tulioing'oa, na tulikuwa na sababu.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. FM ya Japani inaanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi ilikuwa ikikomea 90. Baadaye wakaisogeza hadi 95, nafasi iliyokuwa ya televisheni za analogia. Sisi tunatumia 88 hadi 108. Kwa hiyo Toyota Premio ikishuka bandarini Mombasa na redio yake ya asili, ikifika Kampala inashika Sanyu 88.2, inashika CBS 88.8, halafu inagota. Capital 91.3 haipo. Simba 97.3 haipo. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kwenye antena ili kuteremsha masafa, na kama chako kinateremsha kwa 12 basi Capital unaitafuta kwenye 79.3. Kinafanya kazi, lakini sauti huja na mchanga mwingi, na unaishi maisha ya kutoa na kujumlisha. Ongeza kwamba skrini inaongea Kijapani na ramani yake inajua mitaa ya Osaka peke yake. Mtu anaona heri ang'oe yote aweke redio mpya. Ndiyo maana hapa kwetu karibu kila gari limepita mikononi mwa fundi redio, wakati Mjapani aliyelinunua jipya huenda hakuwahi hata kujua kwamba nyuma ya ile skrini kuna waya wa taa.

Fundi redio naye analipwa kwa gari. Halipwi kwa saa. Akishapata sauti kwenye spika nne, na redio ikawa haijisahau saa kila ufunguo ukizimwa, kwake kazi imekwisha. Mteja mwingine anapiga honi nje. Lakini kuna jambo linanichekesha. Redio zenye skrini huwa na waya mwingine, mara nyingi wa kijani hafifu, unaotakiwa kwenda kwenye swichi ya breki ya mkono ili video isicheze gari likiwa linatembea. Huo anaufunga kwenye ethi, yaani kwenye bodi ya gari, bila hata kuombwa, video icheze hata ukiwa kwenye makutano ya Wandegeya saa za foleni. Waya wa kumzuia dereva asitazame sinema unapewa njia ya mkato, na wa kumsaidia aone barabara unapewa tepu. Simlaumu sana. Sisi wateja tukisimama dirishani tunauliza, "Inacheza video?" Sijamsikia hata mmoja akiuliza, "Inafifia usiku?"

Mimi kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, fundi umeme aliyezeekea kwenye karakana ya malori ya jeshi. Kiswahili chake ni cha kambini, hakina mapambo. Nilimpelekea Toyota Noah yangu Jumapili moja, redio imeshachomolewa, simu mkononi.

"Mjomba, hapa wanasema waya wa taa kwenye Toyota ni wa kijani. Nikate?"

"Nani anasema?"

"Kwenye simu."

"Simu ndiyo ilitengeneza gari? Shika mita. Rangi ni umbea tu."

Basi nilishika mita. Nieleze hapa kwa utaratibu, maana ndipo kazi yote ilipo. Kuunganisha kwenyewe ni dakika chache.

Mita unaiweka kwenye volti za moja kwa moja, kile kipimo cha 20. Ncha nyeusi unaibana kwenye chuma kitupu cha bodi, mathalani bolti inayoshika mkono wa chuma nyuma ya dashibodi. Hakikisha haina rangi. Ncha nyekundu unaichomeka nyuma ya soketi ya gari, pini baada ya pini, bila kuipanua pini. Ufunguo ukiwa mfukoni na taa zote zimezimwa, pini moja tu ndiyo itakayosoma, karibu volti 12.6 kama betri ni nzima. Hiyo ni ya umeme wa kudumu. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza, ya pili inaamka. Hizo mbili unazijua, ziache. Rudisha ufunguo mfukoni. Sasa zungusha kijiti cha taa hatua ya kwanza, zile taa ndogo za pakingi, na uanze tena kupita pini kwa pini. Utakuta moja iliyokuwa sifuri imeruka hadi 12. Kaa hapo hapo. Zima taa: inarudi sifuri. Washa taa kubwa: inabaki 12. Halafu zungusha kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashibodi, juu na chini. Ikiwa namba haitikisiki, umempata. Kwenye Noah yangu ulikuwa kweli wa kijani, lakini mjomba hakunipa pongezi yoyote kwa hilo.

Jambo la ufunguo kuwa mfukoni si la kupuuza. Taa za pakingi za Toyota zinawaka hata bila ufunguo, kwa hiyo waya wake nao lazima uamke bila ufunguo. Ukipima ufunguo ukiwa ndani, utachanganya nyaya mbili na utajiona mjanja hadi kesho yake jioni.

Na ukiwa unapapasa huko nyuma, soketi au mrija wowote wa njano usiuguse kwa ncha ya mita wala kwa ile taa ya kupimia. Hiyo ni ya mifuko ya hewa. Mjomba alikuwa mkali kwenye mambo machache, na hili lilikuwa mojawapo.

Sasa jirani yake. Kwenye soketi ya Toyota ya pini kumi, pamoja na ule wa kijani, gari langu lina waya mweupe wenye mstari wa kijani. Ukiupima na taa zimezimwa unasoma sifuri. Ukiupima kama umeungana na bodi, kigurudumu cha mwanga kikiwa juu kabisa, mita inapiga mlio. Mtu mwenye haraka anasema, hii ni ethi, na kuufunga pamoja na mweusi wa redio. Redio inawaka. Muziki unapiga. Mteja analipa na kuondoka.

Ile si ethi. Ni njia ya kurudia ya vile vibalbu vya dashibodi, na inapita kwenye kigurudumu cha mwanga kabla ya kufika kwenye bodi. Katika Toyota nyingi umeme wa vibalbu unaingia kamili, volti 12 bila kupunguzwa. Unakokabwa ni kwenye kurudi. Kigurudumu kimetengenezwa kwa ajili ya vibalbu vichache visivyokula chochote, wakati redio ina fyuzi ya ampia 10 au 15 mgongoni. Ukiilazimisha redio ipitie hapo, mchana itaonekana haina neno. Usiku utapunguza mwanga wa dashibodi, besi itapiga, na redio itazima na kuwaka, kuzima na kuwaka, nawe utaanza kuilaumu betri. Mwisho kigurudumu kinaungua na dashibodi nzima inakuwa giza. Mjomba alikuwa nacho kimoja kwenye kopo la misumari, kilitoka kwenye gari la mtu mwingine. Njia ya shaba kwenye kibao chake ilikuwa imepasuka na kuacha doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Redio mpya haina haja na waya huo kabisa. Huo ndio wa kufunga tepu.

Baada ya kumjua nani ni nani, unafungua terminali hasi ya betri kabla ya kukata au kumenya chochote. Waya wa chungwa wa redio unauunganisha na ule wa kijani wa gari. Redio za zamani za kaseti zilikuwa zinachukua hapo umeme wa vibalbu vyake. Za leo zinasikiliza tu kama volti ipo au haipo, zinakula miliampia kidogo sana, kwa hiyo waya mwembamba unatosha. Lehemu kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu nimekataa tangu nilipoona gundi ya tepu inavyogeuka uji kwenye gari lililoegeshwa juani Pakwach: tepu inateleza yenyewe, waya unabaki uchi, na barabara ya vumbi inamalizia kazi.

Nyongeza moja ambayo mafundi wengi huipuuza: weka fyuzi ndogo ya ampia 1 kwenye waya wako wa chungwa, karibu na pale unapouunga. Sababu ni kwamba umeme huo, kwenye gari langu na mengine ya namna yake, unatoka kwenye fyuzi iliyoandikwa TAIL kwenye kisanduku cha fyuzi, na fyuzi hiyo inalisha pia taa za nyuma. Waya wako ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi ya TAIL inakatika, na gari linapoteza taa za nyuma zote kwa ajili ya redio. Fyuzi ndogo inakatika kwanza, unabaki na skrini yenye mwanga mwingi tu. Gharama yake ni chini ya bei ya rolex moja, ile chapati ya kukunjia mayai, hata ile ya yai moja.

Kama fundi aliyetangulia aliikata soketi ya asili na kuitupa, usihangaike kufufua fungu zima. Umeme ule ule upo kwenye kibalbu cha tundu la kuwashia sigara, au kwenye taa za vibonyezo vya kiyoyozi. Pima kwa namna ile ile, kisha unga hapo.

Yote haya ni ya Toyota na ndugu zake wa Japani. Mwenye Golf au Mercedes ya zamani kidogo atakuta namba kwenye michoro, maana Wajerumani wana kawaida yao ya DIN: 30 ni umeme wa kudumu, 15 ni wa ufunguo, 31 ni ethi, 58 ni taa za pakingi. Kuna pia 58d, ambayo ni ya mwanga wa dashibodi baada ya kupunguzwa, na hapo pana mtego. Gari linapunguza mwanga huo kwa kuteremsha volti, au kwa kuwasha na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini redio inaona. Ukiunga waya wa chungwa kwenye 58d, dashibodi ikiwa chini redio inadhani hakuna taa. Ikiwa katikati, skrini inakonyeza. Chukua 58 yenyewe. Kwa magari mapya zaidi ya Ulaya hakuna waya wa kutafuta, habari ya taa inasafiri kama ujumbe kwenye nyaya mbili za mtandao wa gari zinazoitwa CAN, na utahitaji kisanduku cha kutafsiri ujumbe huo kuwa volti. Ukimwona fundi anachokoa nyaya hizo kwa taa ya kupimia, mwombe kwa adabu aache.

Waya ukishafika, kuna kazi ya kwenye menyu, na watu wengi hukwama hapa na kusema waya haufanyi kazi. Redio za Android zinazouzwa mjini zina sehemu ya mwanga yenye namba mbili, ya mchana na ya usiku. Zikitoka dukani namba hizo mara nyingi hazitofautiani, kwa hiyo redio inabadilisha hali lakini jicho halioni tofauti. Egesha gari mahali pa giza kabisa, si chini ya taa za petroli stesheni, washa pakingi, halafu teremsha ya usiku hadi uone maandishi bila kuona mwanga wake kwenye paja lako. Yangu iko chini sana. Wanaopanda wananiambia redio imekufa. Na vile vibonyezo vya pembeni vyenye rangi saba, viweke vyekundu. Chembe zile za jicho za kuonea gizani hazijali sana mwanga mwekundu, zinasumbuliwa zaidi na wa buluu, rangi ambayo kila redio hutoka nayo dukani.

Mvua nayo ina swali lake. Mchana unawasha taa kwa sababu ya mvua au ukungu wa Kabale, na skrini inafifia wakati bado kuna mwanga wa kutosha. Kamera ya nyuma nayo inafifia. Baadhi ya Toyota zina dawa ya hili kwa upande wa dashibodi: ukizungusha kigurudumu hadi mwisho wa juu kinalia "tak" na mwanga wa mchana unabaki ingawa taa zimewashwa. Redio mpya haijui "tak" hiyo. Mimi ninavumilia, mvua ya kwetu haidumu.

Mpwa wangu ana hoja yake, naye si mjinga. Anasema mambo ya waya ni ya watu wa Ulaya; redio ina saa, iweke ififie jioni na kuamka asubuhi, basi. Kwa Uganda hoja hiyo ina nguvu kuliko karibu popote. London jua la Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri na la Juni linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo saa haiwezi kumsaidia mtu bila hesabu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, tofauti ni kama nusu saa tu, na magharibi yenyewe ni mafupi. Ukimaliza kuswali nje ni giza. Weka saa moja kasoro robo na utakuwa sahihi, au karibu na sahihi, kila siku. Kama redio yako haina waya wa chungwa kabisa, na zipo za bei ya chini zisizo nao, fuata ushauri wake.

Lakini saa ya redio haijui kama taa zako zinawaka, na waya unajua. Hili sikulifikiria nilipoanza, lilinijia barabarani, na sasa ndilo linalonifanya niwasumbue watu. Fyuzi ya TAIL ikikatika, taa kubwa za mbele zinaendelea kuwaka kwa sababu zina fyuzi zake. Unaona barabara vizuri. Unaamini gari lina taa. Nyuma huna kitu: taa nyekundu zimezimika, ya kibao cha namba imezimika, na dereva wa lori anayekuja nyuma yako na pamba za tani thelathini anaona giza mbele yake hadi ukanyage breki. Magari yenye umri kama yetu hukatika fyuzi hii kwa sababu ndogo ndogo. Nyaya zinazopita kwenye bawaba ya mlango wa nyuma zinapinda kila ukifungua na kufunga, mpira wake unapasuka, zinagusa bodi. Holda ya taa ya namba inaingia maji na kuota kutu.

Kwenye gari ambalo waya wa chungwa umeungwa kwenye umeme wa fyuzi hiyo, ikikatika skrini inaruka mara moja kwenye mwanga wa mchana, usoni mwako, katikati ya usiku. Huwezi kukosa kuiona. Ilinitokea nikiwa nimepita Kigumba: nilikuwa natafuta stesheni, skrini ikalipuka kwa mwanga na vibonyezo vya kiyoyozi vikazimika kwa pamoja. Niliegesha pembeni ya duka lenye taa, nikazunguka nyuma, na kweli, Noah ilikuwa nyeusi tii. Fyuzi ya akiba ilikuwepo ndani ya kifuniko cha kisanduku. Ikakatika nayo. Nikaikuta sababu kwenye bawaba ya nyuma, pale pale mjomba alipowahi kusema itakuwa, nikaitenganisha na kuifunga vizuri, nikaomba fyuzi kwa dereva wa teksi aliyekuwa anakula pale. Bila ule waya ningeendelea hadi Karuma nikisifu taa zangu.

Haukupi habari zote. Balbu moja ya nyuma ikiungua, fyuzi haikatiki na skrini haisemi neno, kwa hiyo bado unatakiwa kuzunguka gari kabla ya safari. Na wenye magari yanayowasha taa yenyewe kwa kitambuzi kile cha juu ya dashibodi, hakikisheni hakuna aliyekiwekea kitambaa cha manyoya juu; nimeona magari yanayodhani ni usiku tangu yalipofika Kampala.

Ukienda kufunga redio, sema habari ya waya huu kabla fundi hajaanza kumenya. Sema "waya wa taa" na atakuelewa. Wengi wanaujua, hawajaombwa tu. Kisha kabla hajaisukuma redio ndani na kurudisha plastiki zake, ingia kwenye kiti cha dereva, toa ufunguo, uuweke tena hatua ya kwanza, na uzungushe kijiti cha taa mwenyewe ukiwa unatazama skrini. Fanya mara mbili tatu. Kama haikubadilika, angalieni kwanza namba za kwenye menyu, halafu mita, halafu ndiyo mfuko wako.